Jirani Alimpeleka Wapi?

Mchapishaji alitaka vitu vitatu: sura tatu za mwanzo, muhtasari wa hadithi nzima mpaka mwisho wake, na bahasha tupu yenye stempu na anwani yangu, ya kunirudishia kazi akiikataa. Sura tatu nilizielewa. Bahasha ilinikera, maana niliona ninamkabidhi mtu ufagio ili anifagilie nje. Lakini muhtasari ndio ulionitia wasiwasi hasa. Mtu hanijui, hajasoma hata neno langu moja, tayari anataka mwisho. Akishaupata, mimi atanitakia nini tena?

Siku hizo nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Edmonton, London, zamu ya asubuhi. Mchana nilirudi Walthamstow, nyumbani kwetu mimi na mama, nikachapa kwenye meza ya jikoni kwa taipureta niliyoinunua sokoni, ambayo herufi yake ya r ilikatika mguu. Nilichapa miaka minne. Riwaya ilihusu mtaa mmoja wa Unguja baada ya Mapinduzi, na kijana wa mtaa huo aliyechongewa na jirani yake, akakamatwa, asirudi. Kijana huyo alikuwa kaka yangu. Nilimpa jina jingine na mguu wa kuchechemea ambao hakuwa nao, lakini ni yeye. Na jirani alikuwa jirani yetu.

Sitaficha: nilikiandika kitabu kile kwa ajili ya huyo jirani. Nilitaka akisome ajijue.

Mchapishaji mwenyewe nilimpata kwenye tangazo dogo lililobandikwa maktaba. Alikuwa Mpunjabi mzaliwa wa Kenya, aliyewahi kufundisha Kiswahili Nairobi, sasa ana vyumba viwili Southall juu ya duka la vitambaa, na hutoa vitabu vya Kiswahili kimoja kimoja, kwa mwendo wake. Nikajiuliza, mtu wa Nairobi anataka hadithi za Unguja azifanyie nini? Mama naye akaongeza moto.

"Karatasi huokotwa," alisema. "Weye hukumbuki babako alivyochoma zake zote kabla hatujaondoka? Mpaka vyeti vyako vya skuli!"

Nilikumbuka. Kwa hiyo kabla ya kupeleka chochote nilifanya nilichoambiwa na mwenzangu kazini: nilitia nakala ya kaboni katika bahasha nyingine, nikajitumia mwenyewe kwa rejista ili muhuri wa posta wenye tarehe uwe ushahidi wangu iwapo nitaibiwa. Tarishi alipoileta mimi nilikuwa kazini. Mama alitia sahihi, akaificha chini ya godoro, na niliporudi akaniuliza kwa sauti ya chini nani aliyeniandikia barua nene namna ile. Nikamwambia ni mimi. Alinitazama kama mtu anayetafuta dalili za ugonjwa.

Muhtasari niliupeleka, lakini mwisho niliubadili. Niliandika kwamba kijana anarudi nyumbani salama. Nilijisifu kwa ujanja huo wiki nzima.

Baada ya miezi miwili akajibu: sura zimempendeza, angependa kuona mswada wote. Nilikaa na barua hiyo wiki tatu nikiipindua. Kwa nini imempendeza haraka hivyo? Kwa nini wote? Mwishowe tamaa ya kuchapishwa ikaushinda woga, nikaupeleka, na mwisho wake wa kweli ukiwa ndani.

Uliporudi ulikuwa na maandishi ya penseli pembezoni, madogo na safi, ya mkono wa mwalimu. Ukurasa wa kwanza niliofungua: "Hii ni harusi ya tano. Bibi harusi yuko wapi?" Mbele kidogo: "Mji mzima una homa. Hakuna daktari?" Kisha: "Mvua hii inanyesha kwenye nyumba moja tu?" Na penye sura ya kaka yangu, chini ya sentensi niliyoipenda kuliko zote, alipiga mstari na kuandika: "Jirani alimpeleka wapi?"

Damu ilinichemka. Nikasema, huyu nimeshamjua: ametumwa.

Lazima nieleze hapa. Tulipofika London, shangazi yangu, dada wa baba, alibaki Unguja pamoja na kaka yangu, na barua zake ndizo zilizokuwa macho yetu. Tuliamini kuwa barua zinafunguliwa njiani, kwa hiyo tulikuwa na maneno yetu. Mtu akikamatwa, tuliandika kwamba ana homa. Akitoroka, tuliandika harusi. Nyumba ikipekuliwa, mvua imenyesha. Nimeandika hivyo tangu nikiwa msichana, na nilipokaa kuandika riwaya mkono haukujua njia nyingine. Wallahi sikujitambua. Nilidhani nimeandika waziwazi kabisa, nikashangaa kwa ujasiri wangu, kumbe nimejaza kitabu kizima harusi zisizo na bibi harusi.

Lakini hilo nililiona baadaye. Siku ile niliona jambo moja tu: mtu ananidai ufunguo. Nikautia mswada mkobani, nikapanda treni mpaka Southall.

Alinikaribisha kwa chai ya maziwa. Sikuigusa.

"Nani amekutuma uniulize haya?" nikamwambia.

Akavua miwani. "Hakuna mtu amenituma, dada. Mimi ndiye nimesoma."

"Na harusi zinakuhusu nini?"

"Zinanihusu kwa sababu watu wanaolewa na siku ya pili hawako! Mimi nangoja biriani, naletewa kimya." Alicheka, akaona sicheki, akaacha. "Sikiza. Pengine watu wako wanaelewa. Lakini msomaji wa Nakuru, wa Mwanza, huyo hajui. Hata hii moja tu, nijibu." Akafungua ukurasa wa kaka yangu. "Jirani alimpeleka. Alimpeleka wapi?"

"Kila mtu anajua wapi."

"Basi wewe niambie."

Nilitaka kusema jela, nikatafuta jela ipi, nani alimwona huko, siku gani, na sikuwa na kitu. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, nikaondoka na mswada wangu. Njia nzima mpaka Walthamstow swali lile lilikuwa limeniganda.

Mama alizihifadhi barua ndani ya kopo la biskuti. Ile niliyoitaka ilikuwa fupi, na sote wawili tuliijua kwa moyo: "Kijana ana homa kali. Jirani ndiye aliyempeleka. Tuombeeni." Na iliyofuata, fupi zaidi: "Homa imemchukua. Tumemzika Ijumaa."

Mistari hiyo michache ilitosha: amekamatwa, akafia jela. Kwetu homa haikuwa na maana mbili. Jirani yule alikuwa na kazi serikalini, na aliwahi kugombana na kaka kwa ajili ya ukuta. Mama hakuhitaji zaidi. Na jirani naye alipokuja London, miaka mingi baadaye, akapata nyumba mitaa miwili tu kutoka kwetu, mama alisema ametufuata atumalize na sisi. Kila Jumamosi sokoni, kwenye mabanda ya mboga, alisimama mbele yetu akasema, "Sabalkheri, bibi." Kila Jumamosi mama aligeuzia uso nyanya. Mimi nami niligeuka. Nilifanya hivyo kwa raha, nakiri.

Nilimpigia shangazi simu. Mama alikuwa amelala kidogo baada ya chakula cha mchana. Laini ilikuwa ikikatikakatika, nikalazimika kupiga kelele.

"Shangazi, kaka alipelekwa wapi?"

"Wapi tena? Hospitali! Si nimekuandikieni?"

"Uliandika homa."

"Homa, ndiyo. Malaria ilimpanda kichwani. Ningeandika n'ni na mtoto ana homa?"

"Na jirani?"

"Maskini, alimtia kwenye gari ya kazini kwake, wala ruhusa hakuomba, ikamletea taabu baadaye. Alikaa naye mpaka mwisho. Kwani huko hamwonani naye? Mamako hajamshukuru?"

Nikamuaga, nikaweka simu. Nakumbuka niliona aibu iliyonipanda kutoka miguuni. Miaka yote ile tuliogopa mtu mwingine azisome barua zetu, na walioshindwa kuzisoma ni sisi.

Nilifikiri nisimwambie mama. Alikuwa ameishi na chuki ile muda mrefu, na mwanawe aliyechukuliwa na watu alikuwa na heshima ambayo mwanawe aliyekufa kwa mbu hana. Lakini mswada ulikuwa mezani na swali la penseli lilikuwa wazi, na nilijua nikinyamaza nitakichapisha kitabu hivyo hivyo. Alipoamka nikamwambia, neno kwa neno.

Aliikunja na kuikunjua ncha ya kanga.

"Homa ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Na dawa zimejaa huku madukani." Akaiachia kanga. "Tungempelekea dawa, mwanangu. Sisi tukawa tunangoja atolewe."

Akalia, nami nikalia. Hatukuwahi kumlilia kaka pamoja kabla ya siku ile, tulikuwa tumeshughulika mno na kumlaani mtu. Alipojifuta uso ndipo akakumbuka kitabu.

"Na weye ushamtia bwana wa watu kwenye hadithi yako, ukamwita mchongezi?"

"Wewe ndiye uliyenambia, mama."

"Karatasi zenyewe ziko wapi?"

"Hizo hapo mezani."

"Alhamdulillahi. Na yule Mpunjabi ulimtukana?"

"Kidogo."

"Basi kesho kamtake radhi."

Nilikwenda kumtaka radhi, na safari hii nikainywa chai. Lakini kwanza, palepale jikoni, nilichukua penseli na chini ya swali lake nikaandika neno moja: hospitali. Nilipoliandika niliona kitabu chote kilichotangulia kimeanguka, sura ishirini na mbili, na kwamba nitaanza upya. Niliona hasira, nisiseme uongo. Miaka minne si mchezo.

Jumamosi mama alivaa baibui lake la kutokea, akatangulia mbele yangu sokoni bila kutazama bei ya chochote. Jirani alikuwa penye banda la ndizi, amezeeka, ameshika mfuko wa plastiki. Alipotuona aliinamisha kichwa kama kawaida yake, akawa anatayarisha ile salamu ya kutojibiwa. Mama hakumngoja.

"Sabalkheri, baba," alisema kwa sauti kubwa.

Mzee wa watu akageuka nyuma kutazama ni nani anayesalimiwa.