Mchenza Ulioota Miiba

Mimi nina mdomo, sikatai. Kwetu Shinyalu wanasemanga ningesomeshwa zaidi ningekuwa wakili, nami huwajibu kwamba hata bila shule kesi zao nazishinda. Mama ndiye mtu pekee aliyewahi kuninyamazisha, na alininyamazisha kwa chenza.

Nyuma ya jiko lake palikuwa na mchenza alioupanda mwaka alioolewa. Machenza yake yalikuwa madogo, ganda limelegea, mbegu tele, lakini tamu! Kaka yangu alikuwa na michenza ya kisasa, shamba zima. Aina moja ilizaa matunda makubwa yanayong'aa, Mama alionja akasema, "Maji tu." Nyingine haikuwa na mbegu; akauliza, "Na hii imelaaniwa na nani?" Kaka alicheka. Wachuuzi wa Kakamega mjini waliyagombania hayo hayo maji, na watoto wake wanne walisoma kwa shamba hilo.

Kisha majani ya mti wa Mama yakaanza kugeuka manjano, matunda yakawa yanaanguka mabichi, yamepinda. Afisa wa kilimo akasema ugonjwa huo hauna dawa, unabebwa na vidudu, na mti usipokatwa utaambukiza michenza ya Kaka yote. Kaka akanoa shoka. Mama akaenda kukaa chini ya mti wake, hataki kusikia la mtu.

Nikaingilia kati. Miaka minne nyuma, mti ukiwa bado mzima, nilikuwa nimechukua kijiti chake nikakipandikiza kwangu juu ya mche wa mlimau. "Wangu umezaa, unakaribia kuiva," nikasema. "Mama aonje. Akisema ni chenza lake, kata. Akikataa, mti huu hauguswi na mtu." Kaka akaapa mbele yake. Mama akakubali.

Sasa nikiri. Mwaka wa kwanza mvua ya mawe iliupiga ule mche wangu, ukachipua upya mahali pawili: chipukizi moja nyonge juu ya pale nilipounganisha kijiti, na jingine chini yake, nene, linakimbia, lina miiba. Mchenza wa Mama haukuwa na miiba. Jirani akaniambia, "Huo wa chini ni mlimau, ukate." Nikamuuliza tangu lini mtu aliyeshindwa na sukuma wiki akawa mwalimu wa miti. Nikakata ule mnyonge wa juu. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Matunda yalipoiva yalikuwa na rangi ya chungwa kabisa, na hilo likanipa moyo kidogo. Lakini kuna malimau yanayoiva hivyo. Sikuonja. Kwetu tunda la kwanza ni la mama, na kusema kweli, niliogopa.

Nilimpelekea matatu ndani ya leso. Kaka alikuwa amesimama kando ya mti, shoka begani. Mama, kwenye kigoda chake, akamenya taratibu, akanusa, akatia kipande mdomoni. Alitafuna muda mrefu, uso haukubadilika hata kidogo. "Mama, ni lenyewe?" Kaka akauliza. Mama hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Ni lenyewe. Kata."

Woi, furaha niliyoisikia! Nusura nipige vigelegele. Shoka likapiga mara ya kwanza, ndipo Mama akanipa kipande. "Na wewe onja."

Limau. Kali, chungu, macho yakajaa machozi. Nikainuka nimkemee Kaka aache, Mama akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Keti, mukhana, binti yangu."

"Mama, hili si lenyewe! Ni mimi niliyeharibu, nilikata tawi la..."

"Najua. Nilinusa ulipofungua leso." Alinong'ona, shoka likipiga. "Watoto wanne wanakulanga kwa shamba lake. Mimi nakulanga chenza moja jioni. Aliapa; ningekataa, angeuacha mti na shamba life. Usimwambie."

"Lakini mti wako, Mama."

"Kula."

Akaniwekea nusu iliyobaki kiganjani. Maneno yote niliyo nayo, na mimi ninayo mengi, niliyatafuna pamoja na lile limau. Kaka alikuwa akipumzika kila baada ya mapigo machache, akigeuka kututazama, maana hata yeye aliupenda ule mti. Tulikuwa tukiukwea pamoja tukiwa wadogo. Kila alipogeuka nilitia kipande kingine mdomoni. Meno yalishika ganzi. Mama alikaa kando yangu, mikono mapajani, hakuutazama mti.

Ulipoanguka, Kaka alikuja akijifuta jasho, macho mekundu. "Angalau tumebaki na wako," akaniambia. "Ni tamu kama ya zamani?"

Nikameza.

"Tamu," nikasema.