Bwana Maji

Kazini walimwita Bwana Maji, naye hakuchukia. Ulimboka, mtu wa Mbeya, alishindilia udongo wa barabara na misingi kote Randburg, na hakuna kibarua aliyethubutu kuwasha mashine kabla yeye hajaona udongo umelowa sawasawa.

"Mkavu unakudanganya!" alifoka. "Leo mgumu kama sakafu. Mvua ya kwanza tu unalegea, unatitia na kila kilicho juu yake."

Aliyajua hayo kama ajuavyo jina lake. Ndiyo maana mambo ya Julai 2003 yanauma kuyasimulia.

Mwezi huo mkewe, Nomsa, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu. Walikutana Morogoro, Nomsa akiwa uhamishoni, amekimbia ubaguzi wa rangi kwao, wakaja pamoja Alexandra, kwao Nomsa, mwaka tisini na nne. Wiki zake za mwisho alitetemeka chini ya mablanketi matatu akiomba la nne, na la nne halikuwapo.

Makaburini Ulimboka aliomba jambo moja tu: ashindilie kaburi mwenyewe, lisije likatitia, ili jiwe lenye jina la mkewe lisimame upesi. Watu wakatia udongo kidogo kidogo, naye akautwanga kwa chuma. Ulikuwa mkavu, vumbi tupu. Thabo, kaka wa marehemu, aliyejifunza Kiswahili huko huko Morogoro, akamsogezea ndoo.

"Shemeji, maji haya hapa."

"Hapana. Nomsa anasikia baridi."

Thabo akaiweka ndoo chini. Nani angembishia siku ile?

Kaburi likawa gumu kweli kweli. "Eish, shemeji, sisi wa huku jiwe tunangoja mwaka," Thabo alimsihi. Wapi! Ulimboka hakuvumilia kumwona Nomsa akiwa namba tu kwenye kibati cha kaburini. Agosti jiwe likasimikwa.

Oktoba mvua ikanyesha siku tatu. Ya nne alikuta kaburi limebonyea, jiwe limeanguka kifudifudi, limepasuka katikati ya jina. Mtu mzima akalia kwa sauti, akijitukana kwa Kinyakyusa.

Jumamosi iliyofuata alirudi na udongo mpya kwenye pikapu ya Thabo, na ndoo. Alijaza tabaka moja moja, akilowesha kila moja kabla ya kulitwanga. Ila maji hakuyamwaga. Aliyachota kwa viganja, akayashika kwanza yapate joto.

"Nivumilie, mke wangu," alisema. "Ni baridi kidogo tu."