Kufuli la Tressa

Tressa Combs ni mpishi wa shule katika mji wetu wa milimani, Kentucky, Marekani. Mimi ni muuza dawa, nimemhudumia miaka sita, na sijaona mtu anayeamini watu kama yeye. Trela yake iko kwenye kiwanja cha mama yake, Verna, na barua za nyumba zote mbili huingia sanduku moja kando ya barabara. Verna ndiye huzichukua.

Binti wa Tressa, Raelynn, ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ikilipiwa na bima ya serikali ya watoto, ambayo kila mwaka hutuma fomu ya kujaza upya.

Oktoba walikuja dukani kwangu wote watatu. Mtoto alikuwa anakohoa mpaka mabega yanapanda. Nikatazama kompyuta.

"Tressa, bima ya mtoto imefungwa. Wanasema wametuma barua tatu, hukujibu hata moja."

"Barua gani, Odell? Mi sijaona barua!"

Kisha akageuka taratibu. Verna alikuwa ameinamia pakiti za peremende, anazisoma kama ana mtihani kesho.

"Mama?"

"Nilizitumia kuwashia jiko. Na usinikodolee macho! Ukoo wetu haujawahi kula vya bure vya serikali. Kanisani wangesemaje?"

"Mama, hicho ni kifua cha mwanangu! Umeniona kila siku nauliza kama kuna barua. Kila siku!"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

Mkononi nilikuwa na mfuko wa Verna: vidonge vya moyo, vya presha, vya sukari. Hasira zikanipanda, nikaubwaga mezani.

"Vyako hivi hapa, Bi Verna. Kadi yako ya bima ya wazee, ya serikali, imelipa vyote, kama kawaida."

Raelynn akamvuta bibi yake mkono. "Bibi, naweza kuazima kadi yako?"

Verna akachukua mfuko wake, akatoka nje kungoja garini.

Nilimpigia daktari, akatupatia dawa ya kumtosha mtoto wiki mbili. Tressa alijaza palepale fomu mpya niliyomchapishia, amesimama, machozi yakimtoka.

Jumamosi nilipita kwao nikamkuta anachimba shimo kando ya barabara. Sanduku jipya la barua lilikuwa chini, lina kufuli.

"Kufuli la nini?" Verna aliuliza kutoka barazani. "Huku kuna wezi gani?"

Tressa hakumtazama. Alisimika nguzo ya sanduku, akaendelea kushindilia udongo kwa kiatu.