Mkamuaji Mwenye Shahada

Kwa miaka mitatu mji wa Tepatitlán ulijua binti wa marehemu Daktari Barba anafanya kazi gani Marekani. Ulijua kwa sababu mama yake, Mwalimu Refugio Casillas, alihakikisha unajua. Kwenye foleni ya mikate ya tortilla na baada ya misa wimbo ulikuwa ule ule: Briseida ni mwanasayansi wa mifugo huko Wisconsin. Hakuvuka jangwa kwa kujificha kama watoto wa wengine. Alipita mlango wa mbele kwa viza ya wataalamu, ile ya mkataba wa biashara wa Marekani na majirani zake wawili, na shahada yake ya udaktari wa mifugo mkobani.

Sasa viza ilikuwa imekwisha muda na Briseida alikuwa amerudi kuiomba upya. Siku ya pili, alipokuwa akipokea bakuli la mchuzi wa mbuzi, mama yake akaviona vidole: kahawia hadi kwenye kucha, ngozi imepasukapasuka. Mjane wa daktari wa mifugo haelezwi rangi hiyo. Ni dawa ya kuchovyea chuchu za ng'ombe. Daktari hutazama kiwele kinachougua. Anayeshinda na dawa hiyo mikononi ni mkamuaji.

"Unakamua," alisema.

"Zamu mbili kwa siku, Mama. Sijashika sindano tangu nifike."

"Na yale uliyoniandikia, kwamba uko na mifugo toka asubuhi hadi jioni?"

"Kwani nilidanganya? Hata nikilala nanuka mifugo."

"Usinitanie, Briseida. Jina la baba yako bado liko juu ya mlango wa kliniki yake. Mbona hukuondoka?"

"Viza ni ya mwajiri mmoja tu. Nikimwacha, nayo imekufa. Na ningerudi vipi, wakati ulishamtangazia kila mtu?"

Mwalimu alisukuma bakuli lake mbali. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani kwanza.

"Mkamuaji," alisema. "Ukoo wa Barba."

"Kukamua si aibu. Wale ninaokamua nao wana heshima kuliko huyo aliyenipeleka. Aibu ni ile barua ya kazi. Inasema nachunguza uzazi wa ng'ombe, na mimi nasukuma mavi kwa mpira wa maji."

Alhamisi alikuja Bwana Olmos, wakala aliyempeleka, viatu vinang'aa.

"Daktari wetu! Na wewe Mwalimu, hujambo? Hongera kwa malezi."

"Sijambo. Kaa."

Akatandaza barua mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya Briseida, ya kuombea viza upya: mwanasayansi wa mifugo, kama mwanzo. Ya pili iliandikwa kwa jina la Nayeli Orozco, aliyesoma naye darasa moja. Chini yake palikuwa na nafasi ya Briseida kushuhudia kwamba kazi ni ya kitaalamu.

"Nayeli alikuwa anasitasita," alisema Olmos. "Mama yake ndiye aliyemaliza maneno. Kasema, kama ni alikokwenda binti wa Barba, mwanangu aende macho yamefumbwa. Jina lenu ni zito, Mwalimu."

Briseida hakuigusa kalamu aliyonyooshewa. Alimtazama mama yake. Mwalimu naye alikuwa amekumbuka maneno yake mwenyewe, nje ya kanisa, mkono wake begani mwa mama Nayeli.

Akaenda kwenye mkoba wake wa shule, akarudi na kalamu nyekundu. Kwenye barua zote mbili alikata "mwanasayansi wa mifugo", akaandika juu yake kwa mwandiko wa ubaoni: mkamua ng'ombe.

"Haya, Briseida. Tia sahihi sasa. Sasa ni kweli."

Briseida akatia, jina la ukoo wa baba na la ukoo wa mama, yote mawili.

"Mwalimu, umeharibu hati," Olmos alisema, tabasamu limemkauka. "Binti yako hatarudi tena kule. Na watu watasema nini?"

"Watasema nitakachowaambia. Ndivyo walivyofanya miaka yote hii."

Olmos alinyoosha mkono achukue barua ya Nayeli. Mwalimu akaikunja, akaitia mfukoni, akavaa shali yake ya misa. Nyumba ya akina Orozco ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na kina mama walikuwa bado kwenye foleni ya tortilla. Alipita katikati yao bila kupunguza mwendo, akagonga mlango.

"Mama Nayeli," alisema, sauti yake ikisikika hadi foleni, "binti yangu anakamua ng'ombe. Nilikudanganya. Hebu soma hii."