Malkia wa Mzinga wa Bi Fatu

Safari hii ilianzia kwenye ubishi. Miaka ile ya ujamaa nilipanga chumba mtaa wa Chuno, kwa Bi Somoe, msusi wa mikeka. Shule niliiacha mapema, ila maswali hayakuniacha, na kila alasiri nilimsumbua jirani yetu Mwalimu Komba, aliyefundisha biolojia. Siku hiyo alidai kwamba malkia wa nyuki na nyuki wa kazi hutoka kwenye mayai ya aina moja.

"Sasa nani anamgeuza?" nikauliza.

Akachukua ukili wa Bi Somoe, ule mkanda uliosukwa, ukiwa umeviringwa. "Kila chembe ya mwili ina uzi wa urithi, umezungushwa kwenye vibonge vya protini viitwavyo histoni. Rangi za ukili huu zote zimo humu. Unaziona?"

"Naona za juu tu."

"Basi. Kemikali kama asetili ikinata kwenye histoni, uzi hulegea, sehemu ile ikasomeka. Ikibanduka, uzi hubana, sehemu ile ikanyamaza. Maandishi ni yaleyale." Akalegeza ukili, ua jekundu likatokeza. "Kwa nyuki nabahatisha. Tunajua chakula ndicho humtofautisha malkia. Kinafanya nini huko ndani, bado."

"Ukimaliza somo unizungushie ukili wangu," akasema Bi Somoe. Kisha akanigeukia. "Dada yangu Fatu, kule mto Ruvuma unapoingia baharini, mzinga wake umefiwa na malkia. Si ukaone mwenyewe?"

Asubuhi nilidandia lori la ushirika. Lilinipitisha kwenye mikorosho, likanishusha njia panda. Nikatembea katikati ya mihogo mpaka harufu ya tope la mikoko ikanipokea.

Kijijini nilimkuta Bi Fatu akibishana na mwenyekiti wa kijiji. Wakati wa kurina asali, kisu chake kilikuwa kimemponda malkia. Mzinga ule ndio pekee uliobaki wa marehemu mumewe. Aliubeba kichwani walipohamishiwa pale.

"Nyuki wasio na malkia watakwisha," alisema mwenyekiti. "Tukate masega yote leo, asali iende duka la kijiji."

"Ngoja kwanza, baba."

"Tungoje nini? Kijiji cha ujamaa kingoje malkia?"

Watu wakacheka. Bi Fatu hakucheka. "Huyu haamuru mtu. Anataga tu."

Nikajitosa, nikaeleza ya Mwalimu: nyuki wakimlisha maziwa yao, ule ute mweupe wanaoutoa, mfululizo jana changa, yaani mtoto wa nyuki, huwa malkia. Mwenyekiti akanitazama viatu, kisha uso. "Sawa, mgeni. Mpaka mkutano ujao. Wakifa, asali utailipa wewe."

Nikabaki, nikimenya mihogo ili nisile bure. Bi Fatu alinionyesha pembeni mwa sega kitu kinachoning'inia kama karanga. "Chumba chake," akanong'ona. Kila siku tulitega sikio kwenye mzinga kama watu wanaomuuguza mtoto.

Siku ya mkutano, mwenyekiti alikuja na ndoo. Bi Fatu akafukiza moshi wa makumbi ya nazi, akafungua kifuniko. Ncha ya ile karanga ilikuwa imekatwa mviringo, ndani tupu. Juu ya sega alitembea nyuki mrefu, na wenzake wakimpisha.

Mwenyekiti aliinama juu ya sega. "Huyu alikuwa jana la kawaida kama wengine?"

"La kawaida kabisa," akajibu Bi Fatu.

Akaigeuza ndoo, akaikalia. "Basi mwacheni atage."

Niliporudi Chuno nilimsimulia Mwalimu Komba, naye akanifanya nirudie mara mbili. Tangu utoto niliambiwa kichwa changu hakikuumbwa kwa elimu, nami nikaamini. Jioni ile, Bi Somoe akisuka na Mwalimu akiniuliza mimi maswali, nilianza kushuku kwamba huenda kilikuwa kimeviringwa tu, kama ule ukili.

Mwalimu na wale dada wawili wametangulia mbele za haki sasa. Ile karanga ya nta, aliyonizawadia Bi Fatu nilipoondoka, bado iko kabatini. Wajukuu huiomba waile, nami huwaambia wakae kwanza, niwasimulie.