Jina Lisiloitwa Kando ya Maji

Ubao wetu wa kufundishia ulitokana na mtumbwi uliorudi bila mtu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wanafunzi wangu wote walilijua, na siku ya kwanza walikaa mbali nao.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika kijiji chetu kando ya Tana, si mbali na Garsen. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na cheti changu na kiburi changu, nikakubali kuwafundisha watu wazima kusoma bila malipo. Kijiji nacho kikachanga. Baada ya mavuno kila nyumba ilitoa ungo wa mpunga. Wanawake wakautwanga pamoja, wakapika wali na kukaanga kambare, wakawauzia wasafiri waliokwama Garsen wakisubiri kivuko. Kilichopatikana kilinunua chaki na vibao vya kuandikia. Chifu alituruhusu shingo upande, maana zama zile za Hali ya Hatari watu wakikaa pamoja serikali ilikosa usingizi. Watoto waliwaita wanafunzi wangu ngumbaru, kisha wakatimua mbio.

Shangazi yangu, dadake baba, hakuwa na mpunga mwaka ule. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa amechukuliwa na mto wakati wa mafuriko. Mtumbwi ulikutwa umenasa kwenye matete, upondo umo ndani, mwenyewe hayumo. Hakuna aliyethubutu kuupanda tena, basi shangazi akautoa uwe mchango wake. Mchonga mitumbwi akaupasua ubavu na kuulainisha kwa tezo bila kudai chochote, tukaupaka masizi ya sufuria na utomvu wa mgomba. Ulikuwa umebonyea katikati, kwa hiyo mistari yangu yote ilipinda.

Kwetu, mtu akichukuliwa na mto na mwili wake usipatikane, jina lake haliitwi karibu na maji. Ukiliita ataitika, na akija, harudi majini peke yake. Wala matanga hayawekwi, maana humlilii mtu ambaye huenda yuko njiani. Mimi nilijidai siamini. Shule ilikuwa imenifundisha kuyacheka mambo hayo, nami niliyacheka, ila jina la binamu yangu sikulitamka. Nyumba zetu zote zilikuwa karibu na maji. Kwa hiyo jina lile halikuitwa popote.

Tulisoma alasiri, chini ya paa lisilo na kuta kando ya mto, watu wakitoka mashambani na tope miguuni. Tulisoma kwa kupaza sauti: ba, be, bi, bo, bu. Shangazi alikuwa na sauti kubwa kuliko wote, lakini tulipofikia silabi fulani alifumba mdomo kabisa, zikipita akaufungua. Nami sikuwa mtu wa subira.

"Shangazi, fungua mdomo!"

"Mdomo umechoka, mwalimu. Endelea na hao wengine."

Wenzake walicheka. Nilichelewa kuelewa, mpaka siku moja tulipokuwa tukifuta ubao akanieleza mwenyewe. Alitaka kuliandika jina la mwanawe, alichonge kwenye kibao cha mti, akisimamishe kando ya kaburi la mumewe, mtoto apate mahali pake.

"Si nikuandikie mimi, leo hii?"

"Wewe ukiandika utanionyesha, utasema, shangazi, hili ndilo. Utalitaja. Mimi nataka kuandika nikiwa nimenyamaza. Chaki haina sauti."

Tangu hapo, kila alipofumba mdomo, nililisikia pengo lile katika sauti za darasa zaidi kuliko nilivyozisikia herufi zenyewe. Wakati mwingine nilidhani kuna mtu analijaza, chini chini, upande wa mto. Niligeuka zaidi ya mara moja. Yalikuwa matete tu.

Alijifunza kwa hasira. Wenzake walimwambia haba na haba hujaza kibaba, naye akawajibu kwamba kibaba chake kimetoboka. Kisha alasiri moja akaniomba chaki, akasimama mbele ya ubao.

Aliandika polepole. Herufi zilikuwa kubwa na zimeegemeana, lakini hakuna iliyokosewa. Nililiona jina la binamu yangu kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Wengine darasani wakainamisha macho wasije wakasoma.

Lakini mtu aliyefundishwa kusoma ukubwani, kwa kupaza sauti, hajui kusoma kwa macho peke yake. Hilo sikulifikiria, wala yeye. Ili ahakikishe hakukosea, shangazi aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, kama tulivyofanya kila siku, na mdomo ukakifuata kidole. Silabi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaziunganisha, akalitamka jina zima kwa sauti ile ya kumwita mtoto aje kula.

Akaushika mdomo wake. Lilikuwa limeshatoka.

Sote tuligeuka kuelekea mtoni. Niliogopa, na elimu yangu haikunifaa kitu. Niliogopa kwamba ataitika, na nilitamani aitike. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kutoka mgongoni, akamkumbatia kifuani. Shangazi alitoka chini ya paa, akaenda hadi ukingoni, akatega sikio. Maji yalipita na udongo wake. Alingoja, kisha akaliita tena, sasa kwa kusudi, kwa nguvu zake zote.

Hakuna kilichojibu.

Aliporudi sikumtambua uso. "Haitiki," alisema. "Siku zote hizi nilikuwa naogopa ataniitika. Mwalimu, mwanangu haitiki."

Akakaa chini kwenye tope, akavua kitambaa chake cha kichwani. Wanawake wakaviweka vibao vyao chini, wakamzunguka, wakaanza kumlilia kijana yule kwa jina lake.