Filamu Isiyochekesha Sana

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la filamu mjini Nyamira, pale wanapokuwekea filamu kwenye flashi. Wateja wawili walikuwa wakibishana kwenye kaunta.

"Vichekesho vya siku hizi ni matusi tu," alisema mwalimu mmoja. "Afadhali katuni."

Mama muuza mboga akacheka hadi mwenye duka akaziba masikio. "Mwalimu, katuni ile ya tembo ilikuliza wewe, si watoto!"

Mjane mwenye kitambaa cheusi akasogea, akamuuliza mwenye duka kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna ya kuchekesha isiyochekesha sana? Tulimzika mzee mwezi uliopita. Majirani wakisikia nacheka, watasema nimemsahau."

Mwalimu akatazama viatu vyake. Muuza mboga akamshika mjane mkono.

"Mama, njoo tuitazamie kwangu. Cheka utakavyo. Kicheko changu kinajulikana mtaa mzima, chako hakitasikika."

Mjane akafunika mdomo kwa leso, mabega yakatikisika kwa kicheko.

Tangu nimzike mke wangu, kila asubuhi namwomba Mungu nguvu. Sikuwahi kufikiria kumwomba jirani mwenye kicheko kikubwa.